Siri ya Nane ya Dobi

Kila siku akitoka shule, Povu hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia dukani kwa mama yake, akaweka mkoba chini ya meza ya kupigia pasi, akanawa mikono, kisha akaanza kazi zake mbili. Ya kwanza ilikuwa kupanga vibanio na kukunja taulo. Ya pili, ambayo ndiyo aliyoiwaza tangu kipindi cha mwisho darasani, ilikuwa kushika simu ya mama kwa nusu saa. Mama aliipima nusu saa hiyo kwa saa ya ukutani, na hakuwa mtu wa kuongeza hata dakika moja.

Mama yake alikuwa dobi. Alifua, akaanika na kupiga pasi nguo za mtaa mzima, kuanzia makoti ya madaktari mpaka vitambaa vya meza vya ukumbi wa harusi. Jina la Povu lilitoka kwa wateja, waliomwona tangu utotoni akishinda pembeni ya beseni, povu limemjaa mpaka kwenye nyusi. Sasa alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na nyusi zake zilikuwa safi, lakini jina lilikuwa limegoma kutoka.

Nusu saa ya simu ilikuwa ya blogu. Mwalimu wa kompyuta alikuwa amemtaka kila mwanachama wa klabu afungue blogu na kuandika juu ya jambo linalojulikana vizuri nyumbani kwao. Povu aliandika juu ya kutoa madoa kwenye nguo. Rafiki yake, ambaye darasa zima lilimwita Miwani kwa vile vioo vyake vinene, aliandika juu ya kuku wake wanne. Kuku wanne tu. Povu aliposikia alicheka kimoyomoyo, akaona hapo hana mshindani.

Lakini kila Ijumaa mwalimu aliwasomea takwimu mbele ya wote, na takwimu hazina haya. Wiki ya tatu alisoma kwamba blogu ya Povu ilipata wageni mia moja na arobaini, na waliorudi kusoma tena walikuwa sita. Povu aliwajua wote sita: mama yake, Miwani, na binamu zake wanne aliowabembeleza. Blogu ya kuku ilikuwa na wageni thelathini na mmoja, na kati yao ishirini na wanne walikuwa wamerudi.

"Mtu akija mara moja ni mpita njia," mwalimu aliwaambia. "Akirudi, huyo ni msomaji. Mwisho wa muhula blogu moja itawekwa kwenye ukurasa wa shule, na mimi nitaangalia wanaorudi."

Povu alihisi masikio yakimwaka moto. Walipotoka nje alimuuliza Miwani siri yake ni nini. Miwani alishangaa kusikia kwamba ana siri. Alisema yeye huwa anasoma wanachomuuliza watu, kisha anawajibu, basi. Povu aliona hiyo ni kazi ya kobe. Alitaka njia ya kuwarudisha watu haraka, tena wengi.

Jumamosi hiyo akaipata. Alitangaza kwenye blogu kwamba kuanzia Alhamisi atatoa Siri Kumi za Dobi, siri moja kwa siku, na ole wake atakayepitwa. Kila makala aliimalizia kwa kuwadokeza wasomaji kwamba ya kesho ni kali zaidi. Alimuuliza mama huku akimkunjia mashuka, naye mama alimweleza bila kujua anachunwa: chaki kwa doa la mafuta, maji ya baridi kwa doa la damu, chumvi kwa kola ya shati iliyoota ukungu. Watu walianza kurudi. Sita wakawa thelathini, thelathini wakawa tisini. Kila alipofungua simu, Povu alitazama kwanza idadi ya waliorudi, halafu idadi ya maoni yaliyoandikwa chini ya makala. Maoni yenyewe hakuyasoma. Nusu saa ingetosha wapi?

Siri ya saba ilipochapishwa, Povu alimwomba mama ya nane. Mama alifikiri kidogo, pasi ikiwa hewani.

"Zimeisha hizo," alisema. "Zilizobaki zote ni kusugua."

Povu akaingiwa na hofu. Alikuwa ameahidi kumi, na watu tisini walikuwa wakisubiri. Akiandika kwamba siri zimeisha, wataondoka na hawatarudi, na Ijumaa mwalimu atasoma idadi mbele ya wote. Ikafika Alhamisi. Jioni, dakika zake thelathini zilipobaki kumi, alifanya hesabu yake mwenyewe. Siki inatoa madoa. Klorini, ile dawa kali ya kung'arisha nguo nyeupe, nayo inatoa madoa. Kwa hiyo zikiwa pamoja zitatoa madoa mara mbili. Alijua fika kwamba mama yake hagusi nguo ya mteja kwa dawa mpya kabla ya kuijaribu kwenye pindo la kitambaa chakavu na kusubiri siku tatu. Lakini siku tatu Povu hakuwa nazo.

Akaandika. Alieleza jinsi ya kuchanganya na kuloweka, na kwa kuwa makala ilionekana haina uzito, akaongeza sentensi moja mwishoni: "Mama yangu ambaye ni dobi ametumia njia hii kwa miaka kumi." Alipobonyeza kitufe cha kuchapisha, moyo ulimdunda, akajiambia ni furaha.

Ijumaa mwalimu alisoma takwimu. Makala ya siri ya nane ilikuwa imesambazwa na mtu fulani, na kwa usiku mmoja wageni mia tatu walikuwa wameipitia. Klabu nzima ilimpigia makofi. Povu alitoka pale kichwa kimevimba, akatembea mpaka dukani bila kuhisi uzito wa mkoba.

Alimkuta mama akipanga dawa za kufulia zilizoletwa mchana. Povu alinyanyua chupa ya siki, akaisogeza kwenye rafu ya chini, kando ya madumu ya klorini. Mama aliinuka kwenye kigoda chake, akaichukua ile chupa mkononi mwake taratibu na kuipeleka upande wa pili wa duka.

"Hizi mbili hazikai rafu moja," alisema. "Sijakwambia?"

Povu aliuliza kwa nini, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa.

Mama alikaa. Alisimulia kwamba wakati akijifunza kazi, walikuwa wasichana wawili kwa mwalimu mmoja. Mwenzake alitaka kumaliza mashuka mapema awahi nyumbani, akamimina siki kwenye beseni lililokuwa na klorini. "Inatoka hewa ya sumu," mama alisema. "Ilimkamata kifuani hapo hapo alipoinama. Tulimtoa nje kwa kumburuta. Alilazwa siku sita, na mpaka leo akipanda ngazi lazima asimame katikati apumzike."

Povu aliificha mikono nyuma ya mgongo.

"Na mtu akiwa bafuni?"

"Bafuni ndiyo mbaya kabisa. Amejifungia mahali padogo, hewa safi ataipata wapi?" Mama alimtazama. "Mbona unauliza hivyo?"

"Nilitaka kujua tu," Povu alijibu.

Alisubiri mama arudi kwenye pasi, ndipo akafungua simu. Kwa mara ya kwanza alisoma maoni yenyewe. Wanne wa mwanzo walishukuru tu. Wa tano alijiita Mama Mapacha. Alikuwa ameandika mchana huo: "Asante sana. Kwa kuwa mama yako ameitumia miaka kumi, nami sina wasiwasi. Nimeinakili kwenye karatasi. Kesho asubuhi sina zamu, nitaloweka sare zangu zote bafuni na kufunga mlango, wanangu wasije wakachezea maji."

Povu aliyasoma mara tatu. Alitaka kuita, lakini alipoinua macho alimwona mama yake ameinamia kola ya shati, akiimba kwa sauti ya chini, akaghairi. Mama angesemaje akijua jina lake limetumika kwa uongo? Wateja wangesemaje? Na mwalimu je, na yale makofi? Povu akafanya lile ambalo watu wengi waliobanwa hulifanya, akaficha kosa lake. Alibonyeza "Futa." Makala ikatoweka, na maoni yote yaliyokuwa chini yake yakatoweka nayo.

Alipumua. Kisha akakumbuka karatasi.

Mama Mapacha alikuwa ameshainakili, na karatasi ya mtu haifutiki kwa simu. Angeweza kumjibu na kumwonya, kwa kuwa kila aliyetoa maoni aliacha anwani yake ya barua pepe ambayo mwenye blogu peke yake ndiye aliyeiona. Lakini anwani hiyo nayo ilikuwa imekwenda na maoni. Kwa mkono wake mwenyewe Povu alikuwa ameikata njia pekee ya kumfikia yule mama. Alibonyeza huku na huku, akatafuta, hakuona kitu. Mama alinyoosha mkono bila kugeuka na kusema muda umekwisha, naye Povu akamrudishia simu.

Usiku huo alilala kwa vipande vipande. Kila alipozinduka alijifariji kwamba pengine yule mama ataghairi, pengine atakosa siki, pengine mapacha wataamka na mafua. Kulipokucha, hakuna faraja hata moja iliyokuwa imebaki. Mama Mapacha alikuwa amesema kesho asubuhi, na kesho asubuhi ndiyo hiyo.

Dukani mama alikuwa ameanza kupiga pasi koti la muuguzi. Povu alisimama mlangoni. Alijikaza kisabuni, akafungua mdomo.

"Mama, kuna mtu anaweza kufa kwa sababu yangu."

Aliyasema yote bila kupumzika: siri kumi, siki na klorini, miaka kumi ya uongo, bafu lenye mlango uliofungwa. Alisubiri kofi. Mama hakumpiga wala hakumfokea. Alichomoa waya wa pasi ukutani kabla koti halijaisha, jambo ambalo Povu hakuwahi kuliona. Hilo lilimtisha kuliko kofi.

"Anakaa wapi?"

"Sijui."

"Anaitwa nani?"

"Sijui, Mama. Mama Mapacha tu."

Mama alifunga duka, saa tatu kasorobo ya Jumamosi, nguo za watu zikiwa mezani. Walikwenda shuleni nusu wakitembea, nusu wakikimbia. Klabu ya kompyuta hukutana pia Jumamosi asubuhi, na mwalimu alikuwa na Miwani peke yake, wakinywa chai kwa mkate kabla wengine hawajafika. Povu alianza kusimulia tena, akakwama katikati kwa kilio, ikabidi mama amalizie.

Mwalimu hakupoteza muda kwa kuuliza maswali. Alivuta kiti mbele ya kompyuta, akaifungua blogu ya Povu kwa ruhusa aliyokuwa nayo kama msimamizi wa blogu za klabu. Alieleza huku akibonyeza kwamba makala iliyofutwa huenda kwanza kwenye kapu la taka la blogu na kukaa humo mwezi mzima. Akaikuta humo pamoja na maoni yake. Anwani ya Mama Mapacha ilikuwepo. Mwalimu alimwandikia mistari miwili ya onyo, akaituma, na wote wanne wakakaa wakiitazama skrini. Jibu halikuja. Saa ya ukutani ilisoma saa tatu na robo.

"Anayefua hashiki simu," mama alisema.

Miwani ndiye aliyeuliza, kwa upole, kama yule mama aliwahi kuandika siku nyingine. Mwalimu aliandika jina kwenye sehemu ya kutafutia, na maoni manane yakajipanga kwenye skrini, moja kwa kila siri. Mama Mapacha alikuwa akirudi kila siku tangu siku ya kwanza.

Mwalimu aliyasoma kwa sauti. La kwanza lilisema amefurahi kuipata blogu hii. La pili lilikuwa swali: "Mimi ni mwoka mikate kwenye kile kiwanda kilicho nyuma ya kituo cha zimamoto. Sare zangu zimeganda mafuta ya tanuri. Je, chaki itafaa?" La tatu: "Labda hukuliona swali langu la jana." La tano: "Najua una shughuli nyingi, ukipata nafasi nijibu." Povu alitamani sakafu immeze. Mwanamke yule alikuwa amebisha hodi siku nane mfululizo, na yeye ndani ya nyumba alikuwa akihesabu hodi tu.

"Kiwanda cha mikate," mama alisema. "Nani ana namba yao?"

Mwalimu aliugeuza mfuko wa mkate uliokuwa mezani. Namba ilikuwa imechapwa chini, kwa wino wa buluu. Alipiga. Msimamizi wa zamu alipokea huku mashine zikinguruma nyuma yake, ikabidi aulizwe mara mbili. Ndiyo, alimjua mama mwenye mapacha, leo yuko mapumziko. Alitoa namba yake. Mwalimu akaipiga, simu ikaita mpaka ikakatika. Akaipiga tena, ikaita mpaka ikakatika. Wakamrudia msimamizi, ambaye sasa naye sauti ilikuwa imebadilika, akawaelekeza nyumba: mtaa wa tatu kutoka shuleni, geti la kijani, jirani na fundi viatu.

Mama hakusubiri asikie zaidi. Povu alimfuata, mwalimu akabaki akipiga simu bila kukoma. Njiani Povu hakuona watu wala maduka, aliona visigino vya mama yake tu. Kichwani maneno aliyoyaandika yalikuwa yakijirudia, changanya, loweka, miaka kumi, miaka kumi.

Geti la kijani lilikuwa wazi. Kwenye kizingiti cha nyumba walikaa wasichana wawili wadogo waliofanana mpaka mashavu, wakichezea chupa tupu. Povu aliitambua ile chupa kabla ya kusoma karatasi yake. Ilikuwa ya siki.

"Mama yenu yuko wapi?"

"Anafua," mmoja alijibu. "Amesema tusiingie." Kisha akakohoa.

Mama aliikamata mikono yao wote wawili, akaiweka mikononi mwa Povu. "Watoe nje, nenda nao mpaka kwa fundi viatu. Usiingie humu ndani, hata ukisikia nini." Akavuta pumzi ndefu na kuingia.

Povu alisimama kando ya meza ya fundi viatu, mkono huu pacha, mkono huu pacha. Kutoka pale alisikia mama yake akigonga mlango na kuita. Alisikia kikohozi, kikohozi kirefu cha mtu asiyepata nafasi ya kuvuta hewa. Halafu kishindo cha ndoo. Halafu kimya. Pacha mmoja alimuuliza kama mama yake anaumwa. Povu alizidi kumshika mkono. Alikuwa anaogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani, na alijua kwamba hofu hii haina mtu wa kumlaumu ila yeye mwenyewe.

Dirisha la kwanza lilifunguliwa kwa nguvu, na la pili. Mama alitokea mlangoni akiwa amemshika kiunoni mwanamke mnene mwenye macho mekundu, machozi na makamasi yakimchuruzika, mkono kifuani. Walipofika uani wote wawili waliinama wakikohoa. Fundi viatu aliacha nyundo yake na kwenda kuwasaidia, na mapacha wakamponyoka Povu, wakamkimbilia mama yao.

Zahanati ilikuwa karibu. Muuguzi alimvalisha Mama Mapacha kifaa cha kumsaidia kupumua, akawasikiliza mapacha vifua na kusema wao wako salama, kisha akamsikiliza dobi naye kwa lazima. Alisema mgonjwa alikuwa ndio kwanza ameanza kumimina siki, na kwamba angemaliza chupa nzima wangekuwa wanazungumza mambo mengine. Atabaki pale mpaka jioni aangaliwe. Povu alisikia maneno hayo akiwa amekaa kwenye benchi la ukutani.

Alipoitwa ndani alikwenda pole pole. Mama Mapacha alimtazama.

"Wewe ndiye Povu?" Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza. "Nilidhani ni mtu mzima."

"Ndiyo, ni mimi. Shikamoo." Povu alishindwa kuinua macho. "Ile njia hatujawahi kuitumia. Mama hakuijua hata kidogo. Niliitunga ili watu warudi."

Mapacha walikuwa wakigombania kiti.

"Nilipoona siki na klorini, nilisita," yule mama alisema. "Niliwahi kusikia mahali kwamba dawa hazichanganywi ovyo. Halafu nikasoma kwamba mama yako ametumia miaka kumi. Hiyo ndiyo iliyonitoa wasiwasi, mwanangu. Hiyo tu."

Povu alilia hapo, bila kujificha. Aliomba msamaha. Mama Mapacha alisema atamsamehe akishaacha kukohoa, na kwa vile alikuwa bado anakohoa, ilibidi asubiri.

Jioni hiyo Povu hakuhesabiwa nusu saa. Mama alimpa simu na kumwambia aandike mpaka amalize. Aliandika makala yenye kichwa kimoja tu, "Nilidanganya." Alieleza kwamba siki na klorini zikikutana hutoa hewa yenye sumu, kwamba dawa yoyote ya kufulia isichanganywe na nyingine, kwamba yeyote aliyenakili siri ya nane aichane karatasi hiyo, na kwamba siri za dobi zilikuwa saba tangu mwanzo. Mwalimu aliwaandikia barua pepe wote walioacha anwani. Wanne walijibu kwamba hawajajaribu. Mmoja alijibu kwa matusi, na Povu aliyasoma yote.

Lakini wale wengine, mamia waliopita mara moja na kwenda zao, hawakuacha jina wala anwani, na hapakuwa na namna ya kuwaonya. Mkuu wa shule alitangaza habari hiyo kwenye gwaride la asubuhi ili kila mwanafunzi apeleke onyo nyumbani. Mama alibandika tangazo mlangoni mwa duka. Zaidi ya hapo walibaki kutumaini. Kwa wiki nyingi Povu alipoona gari la wagonjwa linapita, alisimama mpaka lilipotoweka.

Ijumaa iliyofuata mwalimu alisoma takwimu kama kawaida. Blogu ya Povu ilikuwa imekimbiwa. Waliorudi walikuwa kumi na mmoja. Hakuna aliyepiga makofi wala aliyecheka. Mwisho wa muhula kuku wanne wa Miwani walipanda kwenye ukurasa wa shule, na walistahili.

Siku chache baadaye, chini ya makala ile ya "Nilidanganya," Povu alikuta maoni mapya. "Nimesoma mpaka mwisho. Kifua kimetulia, kikohozi kimeisha, kwa hiyo lile deni letu limekwisha. Ila sare zangu bado zina mafuta ya tanuri. Nifanyeje? Mama Mapacha."

Povu aliruka, akataka kumjibu papo hapo jambo zuri, jambo la kumfurahisha, asije akaondoka tena. Mama alikuwa anasoma juu ya bega lake. Aliweka mkono juu ya simu.

"Unalijua jibu?"

"Sina hakika."

"Basi usijibu kana kwamba unalijua." Mama alivuta kigoda akakaa, wakawa sawa kwa kimo. "Sikiliza. Mtu akiniletea shati lake, haoni ninavyolifua huko nyuma. Ananiachia na kwenda zake, kwa kuwa ananiamini. Siku nikimwambia doa hili siliwezi, anasikitika, lakini kesho analeta suruali. Siku nikimdanganya, nguo ikaungua, hata nimwahidi maajabu hatarudi, na ana haki. Wasomaji wako ni hivyo hivyo. Wanaweka mwili wao na watoto wao kwenye maneno yako. Ukitaka warudi, waambie kweli, na wakikuuliza, wasikilize. Hakuna njia nyingine ninayoijua mimi, na nimekuwa dobi miaka kumi na saba. Hiyo unaweza kuiandika, haina uongo."

Povu alitabasamu kidogo kwa mara ya kwanza tangu ile Jumamosi. Mama aliondoa mkono, na Povu akaandika pole pole, neno kwa neno: "Shikamoo, Mama Mapacha. Bado sijui. Ukiweza niletee sare moja ya zamani, nitajaribu pamoja na mama, kisha nitakwambia kilichotokea, hata kama tutashindwa. Asante kwa kurudi."